Napumzika kwenye mparachichi

Dokta, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu. Nina miaka 51, watoto wanne, na baridi yabisi ya mwaka wa 12 sasa. Ilinianzia kwenye vidole. Nikatibiwa taifodi mara mbili, nikanywa mizizi ya kila rangi, nikaambiwa kuna mtu amenitupia jambo. Mwisho daktari mmoja wa Mbeya alishika mikono yangu, akaminya vifundo kimoja baada ya kingine, akaagiza damu ipimwe, ndipo ugonjwa ukapata jina. Tangu hapo nameza methotreksati, dawa kuu ya ugonjwa wenyewe, kila Jumamosi na foliki asidi katikati ya wiki. Predinisoloni nilipewa ya mwezi mmoja wakati mikono imevimba sana. Mwezi ule una miaka miwili sasa, miligramu 10 kila asubuhi, maana nikijaribu kuipunguza mwenyewe viungo vinanikumbusha. Siku ambazo chaki inanidondoka mkononi nanunua diklofenaki duka la dawa pale stendi, nameza mbili kutwa, maisha yanaendelea.

Naandika kwa sababu ya msiba. Kuna dada mmoja tulikuwa tunakutana kliniki, ugonjwa wetu mmoja, alikuwa na miaka 54. Alilala hakuamka. Msibani watu walisema moyo umesimama ghafla. Jirani yangu kwenye mkeka akaninong'oneza kwamba baridi yabisi ikishamaliza viungo inaingia moyoni, inakula valvu, vile vilango vya damu. Nilirudi nyumbani na hilo neno.

Sasa nimeanza kujichunguza. Shule yetu iko juu ya kilima. Mwaka juzi nilikuwa napanda bila kusimama. Mwaka jana nikawa nasimama kwenye mparachichi ulio katikati ya njia, najifanya nazungumza na wanafunzi. Tangu Januari napanda bodaboda. Nilisema ni magoti. Lakini Dokta, magoti hayaniumi kiasi hicho. Kinachonisimamisha ni pumzi. Nalalia mito mitatu siku hizi, na wiki iliyopita niliamka saa nane usiku nikaenda kukaa dirishani kama mtu anayesubiri mgeni. Viatu vya kazini vimenibana, naenda na kandambili, mwalimu mkuu amenivumilia kwa sababu anajua mgonjwa wa viungo.

Baba watoto anasema msiba umenitia hofu. Ana hoja zake. Mwaka jana nilipimwa kolesteroli, nikaambiwa iko chini kabisa, nzuri kuliko ya mtu asiyeumwa. Nilipimwa umeme wa moyo, karatasi ikatoka safi. Katika kituo kimoja cha afya presha ilikuwa 148 kwa 92, mhudumu akasema ni mawazo ya kazi, nipumzike. Kifua hakijawahi kuniuma. Presha sina historia nayo, isipokuwa kwa mtoto wa mwisho ilipanda nikazalishwa kwa operesheni kabla ya mwezi wangu, baadaye ikashuka yenyewe.

Naomba unisaidie mambo matatu. Ni kweli ugonjwa huu unaingia moyoni? Mtu apime nini ili ajue mapema, kabla hajawa habari ya msibani? Na kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anasisitiza niombe uhamisho nikaishi kwenye joto, eti baridi ya Tukuyu ndiyo inayoniua. Nifanyeje?

Mwalimu, Tukuyu

*

Marahaba, Mwalimu.

La haraka kwanza. Usisubiri tarehe yako ya kliniki. Mito mitatu, kuamka usiku kutafuta hewa dirishani, na viatu kubana, ukiviweka pamoja vinatosha kumfanya daktari akuone ndani ya wiki hii. Omba ruhusa kesho, panda gari uende Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, au hospitali yoyote iliyo karibu yenye daktari wa magonjwa ya ndani. Na ikiwa utakapokuwa unasoma haya pumzi inakatika hata ukiwa umekaa, au kifua kimebanwa kama mtu amekikalia, au umezimia, au jasho jembamba linakutoka na taya, mgongo au mkono unauma bila sababu, acha gazeti hapo hapo. Hiyo si safari ya kesho.

Sijasema una ugonjwa wa moyo. Pumzi inakatika kwa sababu nyingi, na wewe una sababu kadhaa mwilini mwako tayari: baridi yabisi hupunguza damu, huweza kuingia kwenye mapafu, na methotreksati yenyewe mara chache huleta shida ya mapafu. Miguu nayo inaweza kuvimba kwa ajili ya figo, na diklofenaki si rafiki wa figo. Ndiyo maana nataka upimwe, siyo ubashiriwe, na mimi gazetini wala jirani yako wa mkekani.

Jirani huyo amepata nusu. Lugha yetu imemponza. Neno hili baridi yabisi tunalibebesha magonjwa mawili yasiyo ndugu. Kuna homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo kwa watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15. Hiyo ndiyo inayoharibu valvu za moyo, na wewe mwalimu ungekuwa macho na wanafunzi wanaorudiarudia kuugua koo na homa, kwa sababu koo likitibiwa kwa penisilini mapema, moyo unasalimika. Halafu kuna huu ugonjwa wako, wa kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe, unaowapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Huu wa kwako kwa kawaida hauanzi na valvu. Njia yake ya kwenda moyoni ni nyingine, na ni ya kimyakimya zaidi.

Unakumbuka vifundo vyako vilivyokuwa vyekundu, vya moto, vimejaa? Moto ule hauishii kwenye kifundo. Kemikali zinazouwasha zinazunguka kwenye damu saa 24 na kuparuza ngozi laini ya ndani ya mishipa, mafuta yanapata pa kujishikiza, na utando unaojengeka pale ni mwepesi kupasuka. Ukipasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba, ndiyo shambulio la moyo. Msuli wa moyo wenyewe unaweza pia kukakamaa taratibu. Unasukuma damu vizuri, ila haulegei vya kutosha kupokea damu inayorudi, basi damu inapanga foleni nyuma yake, kwenye mapafu. Mtu wa namna hiyo akilala chali anakosa pumzi, akikaa inarudi. Soma tena barua yako.

Hili halijulikani tangu jana. Marekani kuna utafiti uliowafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya laki moja kuanzia mwaka 1976. Majibu yaliyotoka mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokuwa na ugonjwa kama wako walipata shambulio la moyo mara mbili ya wenzao, na waliokaa nao miaka 10 na kuendelea, mara tatu. Hesabu hizo ni za kabla ya dawa nyingi nzuri za leo, kwa hiyo usizichukue kama hukumu yako. Lakini wewe una miaka 12.

Linalonisumbua mimi kuliko hilo ni la Rochester, jimbo la Minnesota, kwenye mji wa hospitali ya Mayo Clinic. Walifukua mafaili ya wagonjwa 603 wa ugonjwa huu, wakayalinganisha na ya majirani zao wa umri na jinsia ile ile, wakatoa majibu mwaka 2005. Wagonjwa wa viungo walilalamika maumivu ya kifua ya moyo kidogo kuliko majirani. Ungesema basi wana moyo mzuri. Kumbe walikuwa na mashambulio ya moyo yaliyopita bila wenyewe kujua, karibu mara mbili ya majirani, na vifo vya ghafla vivyo hivyo. Dada yenu wa kliniki siwezi kusema alikufa na nini, sikumwona, ila unaelewa kwa nini barua yako nimeisoma mara mbili.

Kwa nini kifua hakisemi? Jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Maumivu ya moyo kwa kawaida hutoka mtu anapoulazimisha moyo kufanya kazi: kilima, ngazi, ndoo ya maji. Mgonjwa wa viungo ameacha vilima. Anapanda bodaboda, anamtuma mtoto dukani, anakaa chini akipika. Moyo haujaribiwi, hivyo haulalamiki. Juu yake kuna vidonge vya maumivu kila siku, na mtu aliyezoea kuumwa bega kwa miaka 12 hawezi kushtuka bega likiuma kwa sababu nyingine. Na sisi waganga hatuna nafuu, nakiri. Mama mwenye vidole vilivyopinda akisema amechoka, kalamu inaandika uchovu wa ugonjwa wake, tunapita.

Kwa hiyo wanawake wa kliniki yangu nilikuwa siwaulizi wanaumwa wapi. Nilikuwa nawauliza wameacha nini. Mmoja aliacha kwaya, akasema sauti imekwisha. Pumzi ndiyo iliyokuwa imekwisha. Mwingine aliacha kuinama kufunga kamba za viatu. Wewe umeacha kilima. Huo mparachichi wako ni kipimo ambacho hospitali haina, maana unaonyesha ulikuwa wapi mwaka juzi na uko wapi leo. Mweleze daktari hivyo hivyo, kwa huo mti. Usimwambie tu kwamba unachoka.

Leo jioni, kabla ya kulala, fanya jambo moja. Kaa, nyoosha mguu, bonyeza ugoko kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, pale penye mfupa. Shikilia huku unahesabu hadi 10, kisha achia. Uvimbe wa baridi yabisi unakaa kwenye kiungo chenyewe, una joto, unauma ukibonyezwa, na hauachi shimo. Uvimbe wa maji upo kwenye nyama juu ya mfupa, hauumi, na kidole kinaacha bonde linalokaa kabla ya kujaa. Kama kuna bonde, viatu havijabanwa na viungo, Mwalimu. Pia kama una mzani karibu, jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, hayo ni maji, hakuna anayenenepa kwa kasi hiyo hata kwa ndizi za Rungwe.

Sasa hoja za baba watoto, maana mtu asiyekubali hujibiwa, hanyamazishwi.

Kolesteroli kuwa chini. Ingekuwa habari njema kwa mwingine. Katika ugonjwa wako, moto ukiwa juu, mafuta yanayosomeka kwenye damu hushuka, huku hatari ya mishipa ikipanda. Hilo limewachanganya hata madaktari. Je, ulipopimwa mikono ilikuwa imevimba? Naamini ndiyo, kwa sababu mtu hupelekwa maabara akiwa hoi. Kipimo hicho kirudiwe viungo vikiwa vimetulia, ndipo namba isomwe kwa maana yake.

Karatasi ya umeme wa moyo, ile ECG, kuwa safi. Kipimo kizuri, mimi naunga mkono kirudiwe. Lakini kinaonyesha umeme wa moyo kwa sekunde chache ukiwa umelala kitandani. Kinaweza kuonyesha kovu la shambulio lililopita, au mapigo yasiyo na mpangilio. Moyo uliokakamaa unaweza kukipita kama mwanafunzi mtoro anavyopita dirishani siku ya mahudhurio. Kinachotakiwa ni ultrasaundi ya moyo, hospitalini wanaiita eko. Na hapo nina ombi: majibu yakisema moyo unasukuma vizuri, usiondoke. Uliza, kwa adabu, na kulegea je? Daktari anayepima eko anaelewa swali hilo, na kwa mwanamke mwenye baridi yabisi ni swali la msingi. Kama maabara yao ina kipimo cha damu cha NT-proBNP, kinasaidia pia: ni kemikali moyo unayotoa ukielemewa.

Presha ya 148 kwa 92 si mawazo ya kazi mpaka ithibitike. Kuanzia 140 kwa 90, ikirudia siku mbili tatu tofauti, hiyo ni presha, na wewe unameza dawa mbili zinazoipandisha. Ipimwe mikono yote miwili, umekaa dakika tano kimya, kifuko kikikutosha mkono.

Na kuna sentensi uliyoiweka mwisho, kama kitu cha kupita. Presha ya mimba. Ulisema ilishuka yenyewe. Ilishuka, ndiyo, lakini mwanamke aliyepata presha kali ya mimba ana hatari ya ugonjwa wa moyo baadaye karibu mara mbili ya asiyeipata, na hiyo haifutiki mtoto anapotimiza miaka 20. Hakuna anayeuliza hilo kliniki ya viungo. Sema bila kuulizwa.

Vipimo vingine ni vya kawaida, hata hospitali ya wilaya wanaviweza: sukari, wingi wa damu, figo, mkojo kuangalia protini, picha ya kifua, na kile cha kuonyesha ukali wa moto mwilini, CRP au ESR. Kama daktari atataka kuona moyo ukifanya kazi, kipimo cha kukimbia kwenye mashine huenda kisikufae kwa magoti yako. Mtu anayeshuka kwenye mashine dakika ya pili kwa sababu ya goti hajapimwa moyo, kapimwa goti. Ipo njia ya kuuamsha moyo kwa dawa ya dripu huku wanautazama kwa eko, muulize. Ikibidi kwenda mbele zaidi kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Muhimbili, na madaktari wake huwa wanazunguka mikoani kwa kambi za uchunguzi, kwa hiyo ulizia hospitali ya mkoa kabla hujakata tiketi ya basi.

Nina neno na madaktari wenzangu hapa, Mwalimu utanisamehe. Yale majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria hatari ya moyo ya miaka 10 ijayo yanauliza umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli. Hakuna kisanduku cha baridi yabisi. Kikokotoo cha Uingereza kinacho. Wataalamu wa viungo wa Ulaya wameelekeza kwamba jibu la jedwali lisilo na kisanduku hicho lizidishwe kwa 1.5. Jedwali likisema asilimia 8, kwa mgonjwa huyu soma 12. Ni hesabu ya darasa lako, na inaweza kubadili uamuzi wa kumpa mtu dawa ya kolesteroli au kumwacha. Tena si kazi ya mara moja: wanaelekeza irudiwe angalau kila miaka mitano, na mapema zaidi dawa zikibadilishwa. Kwa mama aliyetimiza 45 na ana ugonjwa huu miaka mingi, mimi ningefungua hesabu hiyo kila mwaka, pamoja na presha na sukari, hata kama anapanda kilima akiimba.

Dawa zako. Diklofenaki ya stendi iache leo. Inazuia chumvi na maji mwilini, inapandisha presha, inaelemea figo, na ukiichanganya na methotreksati bila daktari kufuatilia ni mzigo juu ya mzigo. Shirika la Dawa la Ulaya lilitamka mwaka 2013 kwamba mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, mwenye mishipa ya moyo iliyoziba au aliyepata kiharusi asiitumie kabisa. Wewe bado hujajua kama umo humo, na muuza duka hajui. Mpaka umwone daktari, tumia paracetamoli kwa dozi iliyoandikwa, na kitambaa cha maji ya moto. Haitatosha siku mbaya, najua.

Predinisoloni, kinyume chake: usiiache ghafla hata iweje. Mwili uliotegemea kidonge kwa miaka miwili umesahau kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, ukiikata siku moja unaweza kuanguka. Lakini dozi ya mwezi mmoja haikupaswa kufika miaka miwili bila mtu kuuliza. Inapandisha presha na sukari, inaongeza mafuta na uzito. Mwambie daktari: hii nilipewa ya muda, nisaidie kushuka. Kawaida inashushwa kidogo kidogo kwa wiki na miezi, huku dawa kuu ikiimarishwa ili viungo visilipuke. Hapo ndipo penye siri ya jambo zima. Jambo moja kubwa linaloulinda moyo wako ni kuuzima moto wa viungo. Methotreksati inahusishwa na mashambulio machache ya moyo kwa wagonjwa wa aina yako, kwa hiyo iheshimu hiyo Jumamosi, na usiifanye ya kila siku kwa kukosea, ni hatari ya kuua. Ila kama chaki bado inadondoka baada ya miaka 12, methotreksati peke yake haitoshi au dozi haitoshi, na hilo ni la mtaalamu kurekebisha, siyo la diklofenaki kufunika. Aspirini ya kulinda moyo usianze mwenyewe kwa sababu mtu kakwambia.

Ukifika kwa daktari una dakika chache, na foleni nyuma yako imeinama. Usianze na vidole. Andika kwenye karatasi, wewe ni mwalimu, umpe asome: nina miaka 51, baridi yabisi miaka 12, nilipata presha ya mimba nikazalishwa mapema, predinisoloni miligramu 10 kwa miaka miwili, diklofenaki ya kununua, presha ya mwisho 148 kwa 92, pumzi inakatika kilimani tangu mwaka jana, nalalia mito mitatu, nimeamka usiku kutafuta hewa, miguu inavimba. Naomba moyo wangu uangaliwe. Daktari yeyote akisoma hiyo hatakwambia ni mawazo. Akikwambia, muulize yule wa chumba cha pili.

Baba watoto aende nawe. Siyo kwa ulinzi. Nataka asikie mwenyewe. Wanaume wengi wanaoitwa wabishi ni waoga tu wanaojificha nyuma ya hoja.

Kuhusu mengine sina mengi. Chumvi ipungue, hasa ile ya kuongeza mezani. Kama mnapikia kuni ndani, toa jiko nje. Meno yanayotoka damu yatibiwe, fizi zilizooza nazo huchochea moto ule ule. Kutembea usiache kabisa, lakini subiri eko kwanza, halafu uanze tambarare kabla ya kilima.

Na huo uhamisho wa Dar. Kaka yako anakupenda, ila amedanganywa na jina. Baridi na yabisi ni maneno ya tiba ya zamani iliyotufikia kwa Waarabu, walioyagawa maradhi kwa baridi na joto, ukavu na unyevu. Ugonjwa huu haukuletwa na ukungu wa Tukuyu. Dar wako wagonjwa tele, wanatoka jasho na vidole vimepinda. Baridi inaweza kukaza viungo asubuhi, kwa hiyo vaa sweta, oga maji ya moto, ukae kwako. Sababu moja tu ingenifanya nikwambie uhame, nayo ni kama eko itaonyesha jambo linalohitaji daktari wa moyo kila mwezi. Hilo tutalijua wiki ijayo. Niandikie majibu, namba zote kama zilivyo, na lile bonde la ugokoni lilichukua muda gani kujaa.